Ng'ombe Wanane wa Hilary

Gidamis aliwanunua ng'ombe wale mnadani Katesh, mwezi wa saba mwaka 2010, kwenye turubai la mchuuzi lililotandazwa mahali ambapo zamani palifungwa mitamba. Turubaini kulikuwa na vioo, ndala, redio ndogo, sabuni za kunukia na maua ya plastiki ya kuweka makaburini. Tangu biashara ilipoachiwa huru na kila mtu kuruhusiwa kuuza chochote alichoweza kubeba, mnada ulikuwa umegeuka. Upande wa mifugo ulipungua mwezi hadi mwezi, na upande wa maturubai ukaongezeka. Gidamis hakuwa amekwenda kununua kitu. Mtu aliyelelewa na ng'ombe huenda mnadani hata akiwa hana ng'ombe. Husimama pembeni na fimbo yake, akatazama migongo na pembe za mali ya watu, kisha akarudi nyumbani.

"Minya tumbo, mzee," mchuuzi alimwambia.

Alikuwa ng'ombe wa plastiki, mweusi mwenye mabaka meupe, mrefu kama kiganja. Gidamis alipominya, macho yaliwaka mekundu na mlio ukatoka tumboni.

"Huyu anaumwa," Gidamis alisema. "Ng'ombe halii hivi."

Watu wawili watatu wakacheka. Mchuuzi naye akacheka, lakini hakuacha biashara yake.

"Huyu hali majani, mzee, hanywi maji, wala hafi kwa ukame. Nionyeshe mwingine wa namna hiyo hapa mnadani."

Maneno hayo yalimwingia Gidamis mahali ambapo mchuuzi hakupajua. Mwaka uliotangulia mvua zilikataa. Alikuwa amewatawanya ng'ombe wake kama baba yake alivyomfundisha: wengine kwa rafiki bonde la Yaeda, wengine kwa shemeji upande wa Basotu, wengine kwa mzee mmoja wa Kimbulu aliyekuwa na majani mlimani. Ndivyo watu wa nchi hii walivyoshinda njaa na magonjwa tangu zamani. Kundi la mtu halikai zizi moja. Ugonjwa ukiingia huku, kule kunabaki mbegu. Lakini ukame ule haukuchagua bonde wala mlima, na zile mbuga ambako watu wangekimbilia zilikuwa zimekwisha kulimwa ngano miaka mingi, zikawa na wenyewe wengine. Mwezi wa kumi na mbili Gidamis alirudi kwake Balangdalalu kwa miguu, na mkononi ana kengele ya ng'ombe aliyekuwa akiongoza kundi.

Mwanawe Hilary, aliyekuwa na miaka saba, alimkimbilia.

"Baba, ng'ombe wako wapi?"

"Wako kwa watu," Gidamis alijibu.

Hakusema zaidi, na hakuna aliyemwuliza zaidi, maana kwa desturi mwenye mali hataji mali yake iko wapi. Mkewe Perpetua hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa na vibuyu vitano vya maziwa, na vyote vitano vilikuwa vimening'inia vikavu, vikianza kupasuka mdomoni. Boma likabaki na mbuzi wanne, na kati yao mmoja tu ndiye aliyetoa maziwa.

Sasa mtoto alikuwa ametimiza miaka minane. Kijana wa Kibarbaig, kabla hajaanza kushinda machungani, hupewa na baba yake mtamba wake mwenyewe. Hupewa kwa maneno, na maneno hayo hayarudi nyuma. Baba akimpa mwanawe ng'ombe kisha akamnyang'anya, ni kama amemwondolea mkono wake wa baraka kichwani. Gidamis alikuwa ameikwepa siku hiyo tangu mavuno. Ndipo pale mnadani, mbele ya turubai, akanunua boksi zima la ng'ombe wa plastiki.

Angempa mtoto vile vitu kama wanavyopewa watoto wa mjini, hapangekuwa na neno. Lakini Gidamis hakujua kutoa ng'ombe bila kumtolea maneno. Asubuhi iliyofuata alimsimamisha Hilary kwenye mlango wa zizi tupu, akawapanga ng'ombe mavumbini, akachukua maziwa ya mbuzi mdomoni na kuyapuliza juu ya migongo ile ya plastiki.

"Zaeni. Jazeni zizi la mwanangu. Msimwache njiani."

Perpetua alikuwa ameegemea nguzo, mikono kifuani.

"Na hao utawakamua nini, Baba Hilary? Betri?"

"Mama Hilary, nyamaza kidogo. Tuko katika jambo."

"Nimenyamaza. Nauliza tu nitayarishe kibuyu."

Mtoto hakucheka. Aliyapokea yote kama yalivyotolewa. Na baba yake, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umeshiba siku ile moja, akamfundisha yale aliyofundishwa yeye: kwamba ng'ombe wa mtu hawahesabiwi kwa kidole wala kwa mdomo, kwa sababu kuhesabu ni kuita kifo kije kipunguze. Wanajulikana kwa rangi na majina yao. Na kwamba mwenye akili hawaweki wote mahali pamoja, bali huwaweka kwa rafiki, na rafiki akiwa na ng'ombe wako hawezi kuwa adui yako. Na aliowawekea hawatajwi, hata kwa ndugu.

"Hata kwako?" mtoto aliuliza.

"Hata kwangu," alisema Gidamis, akacheka.

Miezi miwili ikapita. Jumapili moja ya mwezi wa tisa Perpetua alirudi kanisani akiwa na haraka, kitenge kimemlegea begani.

"Baba Hilary, wale ng'ombe wametakiwa."

"Ng'ombe gani?"

"Wale wa boksi. Katekista amesoma barua ya mtendaji wa kata mbele ya watu wote. Wanarudishwa popote walikouzwa, nchi nzima. Kuna betri ndogo tumboni, bapa kama kifungo cha shati, na kifuniko chake kinafunguka ovyo. Mtoto akiimeza inamuunguza ndani."

Gidamis alikuwa akichonga mpini. Hakunyanyua macho.

"Serikali imenihimiza kupunguza mifugo tangu nina ndevu za kwanza. Sasa wa nyama wamekwisha, wamefika kwa wa plastiki."

"Mimi sitanii."

"Wala mimi. Wakitoka hao watakuja kuchukua kengele."

"Ni sumu, mume wangu."

"Hilary ana miaka minane. Hali vifungo."

Perpetua alijua kwamba si utani tu uliomzuia. Mumewe alikuwa ametoa maneno juu ya vile vitu, na sasa karatasi ya mtendaji ilimtaka ayameze. Alimwachia siku moja apoe. Siku moja ikawa mbili, zikawa tatu.

Jumatano asubuhi Modest, mtendaji wa kata, alifika kwa pikipiki. Alikuwa kijana kutoka Mbulu juu, mwenye kalamu mbili mfukoni, na haraka ya mtu ambaye kila siku anadaiwa taarifa na wilaya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu kigoda."

"Sitakaa, mzee. Wenzako wa Hirbadaw wamesharudisha, umebaki wewe. Mchuuzi wa Katesh anasema mwenye boksi zima katika kata hii ni wewe peke yako. Karatasi inasema ndani ya boksi kuna ng'ombe wana..."

"Usiwataje kwa hesabu hapa kwangu," Gidamis alimkata.

Modest alitazama chini ili asionekane akitabasamu. "Basi niletee wote, mzee. Hivyo tu."

Perpetua alikwisha kuingia ndani. Akatoka na boksi. Lilikuwa tupu. Ndani mlikuwa na mabua machache ya majani makavu, yaliyopangwa vizuri kama malisho.

Hilary aliitwa. Alisimama mbele ya watu wazima watatu, miguu imeshikamana.

"Ng'ombe wako wapi?" baba yake aliuliza.

"Wako kwa watu."

"Kwa watu gani?"

Perpetua alimshika mtoto mkono, akamtikisa.

"Sema, mwanangu! Kuna kitu kibaya ndani yao, kinaua watoto."

"Baba alisema hawatajwi."

"Mchape, mzee," Modest alisema taratibu. "Viboko viwili tu, atasema."

Gidamis aliinua fimbo yake, kisha akaishusha. Hakuwa mtu wa kusita kumchapa mtoto mwongo. Lakini huyu hakuwa mwongo. Katika boma lile mwongo alikuwa mwingine, na Gidamis alimfahamu.

"Hilary, mimi ndiye niliyekupa," alisema. "Sasa nakuambia taja."

"Wale wa kwako wapo kwa watu na hujawahi kuwataja," mtoto alijibu. "Mimi nilikuuliza wakati wa njaa, hukutaja. Kwa nini mimi nitaje wangu?"

Hapo ndipo Gidamis alipojua alichotakiwa kulipa. Alimtazama mkewe. Perpetua aligeuza uso kuelekea mlima. Alimtazama mtendaji, mgeni, asiyepaswa kusikia. Kisha akamshika mtoto bega na kumpeleka kwenye mlango wa zizi, palepale aliposimama siku ya maziwa. Aliongea Kibarbaig, lakini Modest alielewa, kwa sababu kuna maneno ambayo sauti yake haihitaji lugha.

"Ng'ombe wangu hawako kwa watu. Walikufa. Yule mwekundu mwenye kovu alikufa Yaeda, na ndama wake tumboni. Mweupe wa bibi yako alikufa Basotu. Wa kijivu, ndugu wawili, walikufa siku moja kwa shemeji. Maksai mwenye pembe ya kushuka alitembea nami siku mbili, akalala njiani, nikamvua kengele. Sikubaki hata na mmoja. Nilikudanganya. Ukinyamaza kwa kunifuata mimi, unamfuata mtu ambaye hana kitu anachokificha."

Mtoto alilitazama zizi. Lilikuwa limeota majani katikati, na zizi lenye ng'ombe halioti majani. Alikuwa ameliona hivyo kila siku.

"Wote?" aliuliza.

"Wote."

Ndipo Hilary alipoanza kutaja, akilia, mahali kwa mahali.

Walianza mzunguko mara moja, Gidamis na mwanawe mbele, Modest akisukuma pikipiki nyuma yao na mfuko wa salfeti begani. Mtoto alikuwa ametawanya kundi lake kwa akili ambayo babu yake angeisifu. Wawili aliwaweka kwa mjukuu wa mzee Hhando, karibu na kisima. Wawili walikuwa kwa watoto wa shule waliopanga nyuma ya duka. Wawili wengine walikuwa kwa mpwa wa katekista, na hao walitolewa haraka, kwani nyumba ile ilikuwa imesikia tangazo na kuogopa kusema. Mmoja, na hapa Hilary alipunguza mwendo, alikuwa kwa mtoto wa mhunzi.

Gidamis hakuwahi kukanyaga kwa mhunzi. Watu wake walinunua mikuki na bangili kwa wahunzi, lakini hawakula nao wala kuchanganya nao ng'ombe. Mhunzi aliwaona kutoka mbali, akaacha mivukuto yake ipumue peke yake.

"Leo jua limetokea wapi? Gidamis mlangoni kwangu! Umefuata mke au umefuata mkuki?"

"Nimefuata ng'ombe wa mwanangu."

"Aaa. Sasa tumekuwa watu wa kuwekeana ng'ombe." Mhunzi alicheka, lakini alipoona sura ya mgeni wake akaingia ndani na kutoka na yule wa plastiki. Alimgeuza tumbo juu. "Betri nilishaitoa, nimeitupa chooni. Tazama hiki kifuniko. Hakina hata skrubu. Mtoto anayenyonya anaweza kukifungua kwa ukucha. Aliyetengeneza hii hakuwa fundi, na kama alikuwa fundi, hakuwa na mtoto."

Gidamis alikitia kidole kile kifuniko. Kikaruka, kikaanguka mavumbini bila kutoa sauti. Mpaka dakika ile alikuwa akiitii serikali tu. Sasa aliingiwa na hofu.

"Bado nani?" alimwuliza mwanawe.

"Marko."

Marko alikuwa rafiki mkubwa wa Hilary, mtoto wa Zita, jirani wa ng'ambo ya korongo. Mume wa Zita alikuwa safarini, akiwa na mifugo ya watu aliokuwa akiwachungia. Zita hakuwa mtu wa kanisani. Jumapili, watu wanaposikiliza matangazo, yeye huwa njiani na punda akifuata maji. Marko alipewa ng'ombe mmoja. Naye alipokwenda machungani, alimwachia dadake mdogo, Marieta, mwenye miaka mitatu, amchungie.

Walimkuta Zita amekaa kivulini mwa nyumba, mtoto amemlaza mapajani. Mtoto alikuwa macho. Udenda ulimtoka mfululizo, na kila mara mama alikuwa akiufuta kwa pindo la kanga.

"Karibuni," Zita alisema. "Msikae karibu sana, ana mafua makali. Tangu jana asubuhi anakohoa, anakataa uji, hata maji anayarudisha. Nimempa dawa ya majani."

Hilary ndiye aliyemwona yule ng'ombe kwanza. Alikuwa amelala ubavu kando ya jiwe la kusagia, tumbo wazi. Modest alimwokota, akatazama ndani ya shimo, akatikisa. Kisha akapiga magoti na kupekua vumbi kwa vidole, kuzunguka jiwe lote, kalamu zake mbili zikidondoka na asiziokote.

"Mnatafuta nini?" Zita aliuliza. "Baba Hilary, mnatafuta nini?"

Gidamis alimwambia. Alimwambia yote, maana siku ile alikuwa amekwisha kuanza kusema kweli.

Zita hakupiga kelele. Alimkusanya mtoto kifuani.

"Hilo tangazo lilisomwa lini?"

"Jumapili."

"Na wewe ulilijua lini?"

"Jumapili."

"Jumapili mtoto alikuwa mzima," Zita alisema. "Jumatatu alikuwa mzima. Alikula ugali kwa mboga, akaomba tena."

Walimpakia yeye na mtoto kwenye pikipiki ya mtendaji, na Modest akaendesha mpaka hospitali. Gidamis alifuata kwa lori la mahindi, akafika jioni. Daktari alikuwa ameweka picha kwenye mwanga. Ndani ya kile kifua kidogo kulikuwa na duara jeupe, safi, kamili, kama sarafu. Betri ilitolewa siku ileile. Lakini ilikuwa imekaa pale kwa zaidi ya siku nzima ikiunguza. Daktari hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema vitu hivi huhesabiwa kwa saa, si kwa siku, na kwamba wangeleta mtoto Jumanne asubuhi ingekuwa habari nyingine. Alidhani Gidamis ndiye baba. Gidamis hakumsahihisha.

Marieta hakufa. Alikaa hospitali mpaka mvua za vuli zikaanza, akarudi na koo lililofungamana kwa kovu, lisiloweza kupitisha ila uji mwepesi na maziwa. Sauti yake, iliyokuwa ikisikika mpaka ng'ambo ya korongo ikimwita Marko, ilibaki mnong'ono. Kila baada ya miezi kadhaa ilibidi arudishwe kutanuliwa koo.

Zamani jambo kama hilo lilikuwa na njia yake. Wazee wangekaa, mwenye kosa angetoa mtamba mwenye maziwa ili mtoto aliyeumizwa anywe, na ng'ombe huyo angefunga jeraha kati ya maboma mawili. Safari hii hakuna wazee waliokaa. Nusu yao walikuwa wameuza walichobakiza na kufuata watoto mjini, na waliosalia waliona ni jambo la mtendaji. Gidamis alikwenda peke yake. Hakuwa na mtamba. Alimpeleka yule mbuzi wa maziwa, aliyekuwa wa pekee, akamfunga kwenye nguzo ya Zita.

Zita alimpapasa mbuzi kiwele.

"Nimempokea kwa sababu mtoto anahitaji maziwa," alisema. "Usifikiri nimekupokea wewe."

"Nimesikia, mama."

"Na kamba yako uichukue. Nina kamba."

Gidamis alifungua kamba yake, akaikunja, akaondoka nayo.

Baada ya siku chache aliitwa ofisi ya kata kuweka sahihi. Hilary alifuatana naye. Modest alimwaga mfuko juu ya meza, akawasimamisha ng'ombe mstari mmoja, na akaomba radhi kabla hajaanza.

"Samahani mzee, hii lazima. Fomu inataka." Akagusa migongo kwa kalamu, kwa sauti ya kutosha kuandikwa. "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba. Nane. Ng'ombe wanane. Wamekamilika."

Gidamis aliweka dole gumba kwenye wino, akalibandika palipoonyeshwa. Fomu ilisema watoto wangeletewa mipira badala yake. Mipira haikuletwa.

Mvua ziliponyesha na korongo likashusha maji, Gidamis alikwenda ukingoni, akachimba udongo mweusi ule unaonata, ambao yeye na wenzake walifinyangia ng'ombe walipokuwa wadogo. Alikuwa hajaushika kwa miaka thelathini. Alifinyanga mwekundu mwenye kovu, akafinyanga maksai mwenye pembe ya kushuka, akawaanika juani. Kisha akaenda kumtafuta mwanawe.

Alimkuta nyuma ya nyumba, peke yake. Hilary alikuwa amekusanya mawe, akayapanga mstari mmoja ulionyooka juu ya ubao. Alikuwa ameshika kijiti, na kwa kijiti hicho alikuwa akiyagusa moja moja, kwa sauti kubwa, bila woga wowote.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne."

Gidamis alisimama na udongo ukimkaukia mikononi. Alingoja mtoto amalize. Mtoto alipomaliza, akaanza tena.